Jiji Lililoupita Mchoro Wake: Jinsi Dar es Salaam Ilivyopimwa Kutoka Angani

Mpango Mkuu wa Dar es Salaam wa mwaka 1979 ulikuwa kazi ya kampuni ya Kanada, Marshall Macklin Monaghan, na ulikuwa wa tatu katika maisha ya mji huo. Wa kwanza, wa mwaka 1949, uliandaliwa na kampuni ya Kiingereza ya Sir Alexander Gibb. Ulikuta mji umekwisha kugawanywa kwa rangi za watu, Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo na Ilala, ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja, ukauacha vivyo hivyo. Wa pili ulitoka mwaka 1968, baada ya uhuru. Huo wa tatu ndio uliodumu. Zaidi ya miaka 30 baadaye ulikuwa bado ndio mpango kamili wa mwisho ambao maofisa wa mipango miji waliweza kuutaja. Na hali mkoa uliochorewa ulikuwa na watu 843,090 kwa sensa ya mwaka 1978. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541.

Watu hao milioni tatu na nusu walioongezeka walilala mahali fulani. Walichimba misingi, wakasimamisha kuta, wakachimba visima na vyoo, wakafyeka mikorosho na minazi. Zaidi ya theluthi mbili ya wakazi wa jiji wamekuwa wakiishi katika maeneo yasiyopimwa, na kwa ofisi nyingi eneo lisilopimwa ni kama halipo: halina namba ya kiwanja wala mchoro wa barabara. Ukitaka kujua jiji lilikwenda upande gani katika miaka hiyo, na kwa kasi gani, kabati la michoro halitakusaidia sana. Kumbukumbu kubwa zaidi ya safari hiyo iliandikwa na mitambo iliyokuwa ikipita mamia ya kilomita juu ya mji, kila baada ya siku 18 hapo mwanzo, na 16 baadaye.

Kupiga picha nchi kutoka juu hakukuanza na setelaiti. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza iliunda idara ya kupima makoloni yake, mwaka 1946, na ndege za jeshi lake la anga zikapita juu ya Afrika Mashariki zikipiga picha ambazo wachora ramani walizigeuza kuwa ramani rasmi. Picha za ndege zina uzuri wake: unaona paa moja moja, unaona hata kivuli cha mnazi. Lakini ndege hukodiwa, na rubani, mafuta na filamu vina gharama. Mji maskini huweza kupigwa picha mara moja, kisha ukasubiri miaka mitano au kumi mpaka apatikane mfadhili mwingine. Kwa mji unaotambaa kila wiki, picha ya namna hiyo huwa imepitwa na wakati kabla wino wa ramani haujakauka.

Wazo la kuiweka kamera angani na kuiacha huko lilisukumwa Marekani katikati ya miaka ya 1960. Stewart Udall, waziri aliyehusika na ardhi na maliasili, alilitangaza hadharani mwaka 1966, na William Pecora, aliyeongoza shirika la jiolojia la nchi hiyo, akalipigania. Setelaiti yenyewe iliruka tarehe 23 Julai 1972 ikiitwa ERTS-1. Baadaye ikabatizwa Landsat 1. Ilibeba mitambo miwili. Wakubwa walitegemea zaidi kamera za mfumo wa televisheni. Mtambo wa pili ulibuniwa na mhandisi wa kampuni ya Hughes, Virginia Norwood, mwanamke katika kazi iliyokuwa imejaa wanaume, na wengi waliuona kuwa wa majaribio tu. Ulikuwa na kioo kilichotikisika huku na huku, kikikusanya mwanga kutoka ardhini mstari kwa mstari na kuutenganisha katika mafungu manne, mawili kati ya hayo yakiwa ya mwanga ambao jicho la mwanadamu halioni. Wiki chache baada ya kuruka, hitilafu ya umeme ilizizima zile kamera. Mtambo wa Norwood ndio uliobaki, na ndio uliojenga kumbukumbu ya miaka iliyofuata. Mama huyu alifariki mwaka 2023, na wataalamu wa fani hii wanamwita mama wa Landsat.

Pwani yetu wakati huo haikuwa ngeni kwa mambo ya anga. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setelaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya Kenya. Ile ilitazama nyota. Ya kuitazama ardhi ya Afrika Mashariki ilikuja mwaka mmoja na nusu baadaye, na mwaka 1975 kikaanzishwa Nairobi kituo cha kanda cha upimaji na ramani, ambacho leo kinajulikana kama RCMRD, ili nchi za eneo hili zipate watu wa kuzisoma picha hizo.

Ni nini kilichoonekana Dar es Salaam katika picha za mwanzo? Kidogo. Picha ya setelaiti ni jedwali la vipande vidogo vya mraba, pikseli, na kila pikseli hubeba namba za mwanga uliotoka katika kipande hicho cha ardhi. Kwa Landsat 1 kila kipande kilikuwa na upana wa karibu mita 80. Fanya hesabu: eneo kama hilo linakaribia mita za mraba 6,400, yaani viwanja 16 vya mita za mraba 400 kila kimoja. Nyumba, uchochoro, mgomba, karo na uwanja wa mpira vyote vinachanganywa kuwa namba moja. Kwa hiyo picha za miaka ya 1970 zinakuonyesha bandari, Kurasini, viwanda vya Barabara ya Pugu, na weupe wa Kariakoo na Magomeni. Manzese, ambayo tayari ilikuwa imefurika watu, inaonekana kama doa tu. Ndiyo miaka ambayo serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilikuwa ikipima viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni na kuiboresha hiyo Manzese badala ya kuivunja, na mimi naona ule ulikuwa uamuzi wa busara kuliko mingi iliyofuata.

Mambo yalibadilika mwaka 1984. Landsat 5, iliyoruka Machi mwaka huo, ilibeba mtambo wa kizazi kipya ambao kila pikseli yake ilikuwa na upana wa mita 30: mita za mraba 900, viwanja viwili na kitu. Sasa barabara zilianza kujitokeza, na mitaa ikatengana na mashamba. Setelaiti hiyo ilitengenezwa ifanye kazi miaka mitatu. Ilifanya karibu 29, hadi mwaka 2013. Ni chombo kinachostahili heshima kubwa, na bado kuna pengo katika kumbukumbu yake ambalo kila anayetafiti jiji hili hukutana nalo. Landsat 4 na 5 hazikubeba kinasa cha kuhifadhi picha. Zilitegemea kuzituma papo hapo kwenye kituo kilichopo chini, au kupitia setelaiti nyingine ya kupokezana. Pasipokuwa na kituo na pasipokuwa na mtu aliyeagiza picha, chombo kilipita kimya. Juu ya hayo, mwaka 1985 Marekani iliikabidhi biashara ya picha kwa kampuni binafsi, EOSAT, na bei ya picha moja ikafika zaidi ya dola 4,000. Nani Dar es Salaam angeagiza?

Pengo hilo linauma kwa sababu ya miaka liliyoangukia. Mwaka 1983 serikali iliruhusu magari binafsi kubeba abiria, na daladala zikazaliwa. Mwaka huohuo operesheni ya Nguvu Kazi ilikuwa ikiwakamata wasio na ajira mjini na kuwarudisha vijijini. Nguvu ile ilishindwa na watu wakaendelea kuja. Baada ya mwaka 1985, katika serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi, biashara ililegezwa, na pikapu na mabasi madogo yaliyotumika yakaanza kuingia kwa wingi. Mshahara wa mtumishi wa serikali haukutosha mwezi, kwa hiyo aliyeweza alinunua shamba nje ya mji: alime, afuge kuku, kisha ajenge. John Briggs na Davis Mwamfupe, katika makala yao ya mwaka 2000 kuhusu pembezoni mwa Dar es Salaam, waliyaeleza vizuri mageuzi hayo ya shamba kuwa kiwanja. Gari ndilo lililoamua ramani. Mji ulijinyoosha kufuata barabara nne kuu, ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa, kwa sababu huko ndiko daladala zilikofika. Katika picha umbo hilo liko wazi kabisa, vidole vinne vimetoka kwenye kiganja kilichoko bandarini, na kati ya vidole bado kuna kijani. Kigamboni, umbali mfupi kabisa kutoka katikati ya jiji, ilibaki kijani kwa miongo kadhaa kwa sababu kati yake na mji kulikuwa na pantoni. Daraja lilifunguliwa Aprili 2016.

Hapa inafaa kusimama kidogo tueleze kazi yenyewe inavyofanywa, maana wengi hudhani kompyuta huitazama picha na kuona nyumba. Haioni nyumba. Inaona namba. Jani bichi hurudisha kwa nguvu mwanga ulio karibu na wekundu, ule usioonekana kwa macho, na hunyonya mwanga mwekundu. Kwa kulinganisha hizo namba mbili unapata kipimo cha uoto. Bati, saruji na udongo mkavu hurudisha zaidi mwanga wa mafungu mengine ya mbali zaidi. Mwaka 2003 watafiti watatu, Zha, Gao na Ni, wakifanya kazi juu ya mji wa Nanjing huko China, walipendekeza kipimo rahisi cha kutambua eneo lililojengwa kwa kuyalinganisha mafungu hayo, na tangu hapo kimetumika duniani kote. Mtafiti huifundisha kompyuta kwa mifano: huu ni msitu, hili ni bwawa, huu ni mtaa uliojengwa. Kisha mashine huipanga kila pikseli katika kundi lake. Ukifanya hivyo kwa picha ya mwaka 1984 na ya mwaka 2014, ukaziweka moja juu ya nyingine, unapata ardhi iliyogeuka, kwa hekta.

Lakini pwani ya Tanzania si Nanjing. Udongo wa mchanga uliokauka mwezi Septemba unafanana mno na paa. Shamba la Chanika lililolimwa likisubiri mvua za vuli linaweza kuhesabiwa kuwa mtaa. Machimbo ya Wazo na ya kokoto Kunduchi, ambako hakuna anayeishi, yanang'aa kuliko Masaki. Kinyume chake, nyumba iliyofunikwa na miembe huandikwa kuwa bustani, na paa la makuti ni majani kwa mashine. Wakati wa masika mawingu ya bahari hufunika kila kitu. Kwa hiyo picha zinazolinganishwa lazima ziwe za msimu mmoja, na lazima mtu ashuke chini, achague sehemu kadhaa, aende kwa miguu akahakiki. Makosa yakishahesabiwa, huandikwa pamoja na matokeo. Utafiti usiosema ulihakikiwa vipi, mimi siuamini, hata ramani yake ipendeze namna gani.

Kuna ugumu mwingine ambao ni wetu hasa. Mtu wa Dar es Salaam hajengi nyumba kwa mkopo wa benki ikaisha ndani ya miezi sita. Ananunua kiwanja kwa dalali, anasainiana na muuzaji mbele ya mjumbe na majirani, anaweka msingi. Mwaka unaofuata anapandisha kuta hadi usawa wa lenta. Kisha boma linakaa, majani yanaota ndani, huku akikusanya fedha za kupaua. Setelaiti inayopita wakati huo huona udongo uliokwaruzwa, kisha majani tena, na miaka kadhaa baadaye ndipo bati linapoonekana. Ardhi ilikuwa imeshauzwa na kumegwa kitambo. Wilbard Kombe wa chuo cha Ardhi na Volker Kreibich wa Dortmund, katika kitabu chao cha mwaka 2006 kuhusu utawala wa ukuaji usio rasmi wa miji Tanzania, walionyesha kuwa uuzaji huu una taratibu zake: viongozi wa mitaa, mashahidi, mipaka inayotambuliwa na majirani. Hilo lina maana kubwa kwa wapimaji wa angani. Picha hurekodi mwisho wa mchakato ambao mwanzo wake umeandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa sandukuni kwa mwenye nyumba.

Kumbukumbu ilijaa tena mwaka 1999. Landsat 7 iliruka Aprili ikiwa na kinasa, na Septemba mwaka huohuo ikaruka Ikonos, setelaiti ya kibiashara iliyoweza kuonyesha kitu cha upana wa mita moja. Kwa mara ya kwanza paa la mtu wa Mbagala lilionekana kutoka angani peke yake, bila kuchanganywa na la jirani. Bei ilikuwa kikwazo bado. Hata picha ya Landsat 7 iliuzwa dola 600. Kisha mwaka 2008 Marekani ikafungua hazina yote ya Landsat bure. Kabla haujapita mwaka mmoja picha milioni moja zilikuwa zimepakuliwa. Nadhani hakuna tukio lililobadilisha elimu ya miji ya Afrika kuliko hilo. Mwanafunzi wa Ardhi mwenye kompyuta na intaneti alipata picha zote za mji wake zilizokuwapo tangu mwaka 1972, bila kuomba ruhusa ya mtu. Ulaya ikafuata: setelaiti ya kwanza ya Sentinel-2 iliruka Juni 2015, ikitoa bure picha za pikseli za mita 10.

Na Dar es Salaam nayo ilitoa kitu kwa dunia. Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma na Chuo Kikuu Ardhi vilishirikiana katika mradi wa kuchunguza mabadiliko ya tabianchi katika pwani ya jiji. Swali lao lilikuwa la maji: wakazi wa pembezoni wanategemea visima, na kadiri nyumba zinavyoongezeka na maji yanavyovutwa, ya bahari huingia chini kwa chini na kuvitia chumvi. Ili kulijibu ilibidi wajue nyumba zinasambaa wapi, mwaka hadi mwaka, kwa gharama ndogo. Luca Congedo, mmoja wa watafiti wa Kiitaliano, aliandika mwaka 2012 programu ya kupanga picha za setelaiti kwa njia inayojiendesha kwa sehemu, ikafungamanishwa na programu huria ya ramani, QGIS. Leo hutumiwa na watafiti wa kila bara, na wengi wao pengine hawajui kwamba ilizaliwa kwa ajili ya visima vya Dar es Salaam.

Desemba 2011, wakati kazi hiyo ikiendelea, mvua kubwa ilinyesha na bonde la Msimbazi likafurika. Watu zaidi ya 40 walikufa. Waathirika wengi walihamishiwa Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji, na miaka minne baadaye alama nyekundu za X zikachorwa kwenye kuta za bondeni na nyumba zikavunjwa. Picha za setelaiti zilikuwa zimeonyesha kwa miaka mingi nyumba zikishuka kuelekea mtoni, na zilikuwa zimeonyesha jambo la pili ambalo halikutajwa sana: milima ya juu ya bonde, Pugu, Kisarawe, Kinyerezi, ikivuliwa miti. Maji yaliyowaua watu huko chini Jangwani hayakuanzia Jangwani. Anayeitumia picha kumwonyesha kidole mkazi wa bondeni peke yake ameisoma nusu.

Ndiyo maana naupenda mradi wa Ramani Huria. Ulianza mwaka 2015, ukijengwa juu ya kazi iliyofanywa Tandale mwaka 2011. Wanafunzi wa vyuo vya jiji walirusha droni na kuchukua picha za kata zinazokumbwa na mafuriko, kisha wakaingia mitaani na wakazi wenyewe. Droni ilitoa paa na njia. Mkazi alisema mtaro huu umeziba, maji ya mwaka ule yalifika dirishani hapa, hii ni zahanati. Mitaa iliyokuwa tupu kwenye ramani ikajaa majina. Zanzibar nayo, kuanzia mwaka 2016, ilipiga picha visiwa vyake kwa droni zilizorushwa na vijana wa huko.

Siku hizi Umoja wa Mataifa unazitaka nchi zote kulinganisha kasi ya ardhi kujengwa na kasi ya watu kuongezeka, kiashiria namba 11.3.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu. Kikizidi moja, mji unakula ardhi upesi kuliko unavyopata watu. Ni kipimo kizuri, ila kwa Dar es Salaam kina mtego, nao uko kwenye mpaka. Kati ya sensa ya 2002 na ya 2012 mkoa ulikua kwa wastani wa asilimia 5.6 kwa mwaka. Kati ya 2012 na 2022, ulipofikisha watu 5,383,728, kasi ilishuka hadi karibu asilimia 2.1. Anayesoma takwimu hizo peke yake atasema jiji limepunguza mwendo. Atazame basi mkoa jirani. Pwani ilikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012. Mwaka 2022 ilikuwa na 2,024,947.

Setelaiti haiujui mpaka wa mkoa. Kwenye picha bati linaendelea bila kukatika, kutoka Mbagala kuingia Mkuranga, kutoka Kimara kupita Kibamba hadi Kibaha, kutoka Chanika kwenda Kisarawe, kutoka Bunju kuelekea Bagamoyo. Chini mambo yako tofauti: ng'ambo ya mpaka ni halmashauri nyingine, bajeti nyingine, na sehemu kubwa ya ardhi iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mashamba yanamegwa na kuuzwa leo Mkuranga na Kisarawe kama yalivyomegwa Mbezi katika miaka ile ambayo Landsat 5 ilipita kimya. Tofauti ni kwamba sasa picha mpya hupatikana kila baada ya siku tano, bure, na halmashauri ya wilaya inaweza kuona udongo wa kwanza ukikwaruzwa na kutenga njia ya barabara, mtaro na shule wakati bado mikorosho imesimama na mwenye shamba bado yuko tayari kuzungumza.